Nyumba Zilizojengwa Tukiwa Kambini

Nyumba ya mwenzetu iko juu katika kilima cha Igogo, jijini Mwanza, mahali ambapo barabara inakoma na kubaki njia ya miguu inayopenya kati ya mawe makubwa, na kila anayejenga huko hulipia vifaa mara mbili: kwanza dukani, kisha kwa wabebaji. Jumamosi iliyopita tulikuwa watu 9, wote wastaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, tukapandisha matofali na ndoo za mchanga kwa kupokezana mkono kwa mkono, kona hadi kona, tangu saa moja asubuhi. Mifuko ya saruji tuliwaachia vijana wawili wa mtaani, kwa kuwa kilo 50 si mzigo wa migongo yetu tena. Ilipofika saa tano mzigo wote ulikuwa uani, na shemeji yetu alikuwa amekwisha kuinjika uji.

Askari wengi hujenga kwa simu. Unaishi kota, unahamishwa kutoka mkoa huu kwenda ule, pengine unapelekwa nje ya nchi, na kila mwisho wa mwezi unamtumia ndugu fedha za matofali au mabati. Siku unayostaafu unafika kwenye nyumba ambayo hukuiona ikisimama. Ndipo unapogundua kwamba msingi haukushuka hadi kwenye udongo mgumu, kwamba matofali yalifyatuliwa kwa mchanga mwingi na saruji ya kuonja, na kwamba juu ya madirisha hakuna lenta ya zege bali kipande cha mbao ambacho mchwa wamekwisha kukimaliza ndani kikabaki ganda. Mimi mwenyewe niliikuta hali hiyo Buhongwa. Ukuta wangu wa nyuma ulianguka katika masika ya kwanza baada ya kurudi, usiku, watoto wakiwa wamelala chumba cha pili. Simlaumu ndugu yangu aliyesimamia ujenzi, kwa maana miaka yote ile nilimuuliza bei tu, wala sikuwahi kumuuliza habari za nondo.

Wenzangu wawili walikuja kunisaidia kuondoa kifusi, na hao ndio walioanzisha utaratibu tulio nao mpaka leo. Hatuna jina wala ofisi. Kila mmoja hutoa shilingi 10,000 kwa mwezi, mwenye nyumba hununua anachoweza, nguvu kazi ni ya bure, na chakula cha siku hiyo kinatoka kwenye jiko la mwenyeji. Usukumani kulima kwa zamu shambani kwa huyu na kisha kwa yule ni jambo la kale, kwa hiyo majirani walituelewa upesi kuliko tulivyojielewa sisi wenyewe. Sharti moja tu lilizua mjadala mrefu, nalo ni kwamba zamu ya mtu ikifika haruhusiwi kuikataa. Tuliliweka kwa sababu mstaafu hupenda kwenda kwa mwenzake na kushika mwiko, lakini akiambiwa kwamba wiki ijayo tunakuja kwake, husema kwake hakuna tatizo, hata kama anakinga mvua kwa sufuria sebuleni.

Kazini vyeo haviingii. Aliyekuwa koplo na kujifunza ujenzi akiwa jeshini ndiye anayetoa amri, na meja mstaafu anakoroga zege kwa kipimo anachoambiwa: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Bado tunaitana afande. Nadhani neno hilo lina kazi yake, kwa kuwa mtu aliyeitwa hivyo kwa miaka zaidi ya 20, kisha ghafla akawa baba fulani tu katika mtaa wa watu asiowafahamu, anahitaji mahali pa kulisikia mara moja kwa wiki.

Pale Igogo tulifika tukiwa na mpango wa kuziba ufa kwenye kona ya jikoni. Shemeji alitusikiliza, kisha akachukua kipande cha mkaa, akachora mstari ukutani kutoka dirishani hadi chini ya mlango, akasema, "Afande, maji yanaingilia hapa kila masika tangu nina mimba ya mtoto wa pili. Ufa ni mtoto wa hayo maji." Koplo alichuchumaa, akafukua kwa mkono nje ya ukuta, akakuta udongo wote umesombwa na msingi unaning'inia kiasi cha kuingiza kiganja. Kama tungeziba ufa tulivyokusudia, tungekuwa tumepaka plasta juu ya kidonda. Mwanamke huyo aliishi peke yake na watoto katika nyumba hiyo kwa miaka 11, mume akiwa kambini, na anajua kila tone linapopita. Kuanzia sasa, hatutaanza kazi kabla mama wa nyumba hajatuzungusha.

Kulikuwa na paa pia. Mmoja wetu alitumikia katika kikosi cha kulinda amani mashariki mwa Kongo, na aliwafahamu baadhi ya askari wa Tanzania waliouawa Semuliki, Kivu Kaskazini, tarehe 7 Desemba 2017. Nyundo ya kwanza ilipogonga bati alisimama, akatoka uani, akaenda kukaa kwenye jiwe. Hakuna aliyemfuata kwa maswali. Koplo alimpelekea sepetu na kumwambia kwamba mtaro wa kugeuza maji nyuma ya jiko unahitaji mtu mwenye mkono mzuri, basi akachimba huko hadi alasiri, na aliporudi kula alituambia habari ya usiku mmoja ambayo katika miaka mitatu ya kufahamiana naye sikuwahi kuisikia. Sitaiandika hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu huyu amekwisha kuketi mbele ya watu waliosomea kusikiliza, na hakufungua kinywa.

Mkubwa wetu kwa umri alivuka Mto Kagera katika vita vya 1978 na 1979. Hashiki tena vitu vizito. Hushika timazi, uzi wenye uzito wa kupimia kama ukuta umesimama wima, na ukuta usiomridhisha hubomolewa. Wakati wa mapumziko alituonyesha Kisiwa cha Saanane, akasimulia jinsi ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin mwezi Machi 1979, ilivyokusudia kuupiga mji wa Mwanza, makombora yakakosa shabaha na kuangukia kisiwani, yakaua swala. Wajukuu wa mwenye nyumba walicheka kwa habari ya swala, naye akacheka nao, kisha akasogeza uzi wa timazi na kusema kozi ya tatu, yaani mstari wa tatu wa matofali, imelala.

Wanaokaribia kustaafu hupewa semina za ujasiriamali, na ni jambo jema. Hata hivyo, ningependa pia kila askari apewe, miaka 2 au 3 kabla ya siku yake, nafasi ya kwenda kuikagua nyumba yake akiwa na fundi mwaminifu, atoboe plasta, achimbe kando ya msingi, na akae humo angalau kwa masika moja. Kiinua mgongo kingi kimezama katika kubomoa kuta ambazo zingeweza kuokolewa mapema kwa nondo chache na mifuko 10 ya saruji.

Mkanda mpya wa zege chini ya ukuta wa jiko la Igogo ulimwagwa Jumamosi jioni. Zege linahitaji maji kwa siku 7 zisizokatika, la sivyo hupasuka juu na kuwa bovu ndani, kwa hiyo tumegawana zamu. Mwenzetu wa Kongo aliomba apewe siku 2 za kwanza, akapanda na ndoo alfajiri zote mbili. Leo ni siku ya 5, na zamu ni yangu.