Kapesitabini: kemo inayomezwa nyumbani, na joto letu la Mombasa

Ukitaja kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, watu huwaza dripu na kiti cha wodini. Kapesitabini haina dripu. Mgonjwa, mara nyingi wa saratani ya utumbo mpana au ya matiti, hukabidhiwa pakiti za vidonge, akapanda matatu na kurudi zake Kisauni. Nyumbani vidonge huonekana kama dawa yoyote ya duka, na hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Ni kemo kamili. Nesi tu ndiye hayupo, na kazi yake imewabakia nyinyi wa nyumbani.

Kwanza hesabu. Dozi hupimwa kwa urefu na uzito wa mgonjwa, kwa hivyo ya jirani haikuhusu. Tuseme mama ameandikiwa miligramu 1500 asubuhi na 1500 jioni: ni vidonge 3 vya miligramu 500 kila mara, 6 kwa siku, 84 kwa siku 14, halafu wiki moja bila kidonge. Viko pia vya miligramu 150. Msivimimine pamoja kwenye kopo moja.

Humezwa kwa maji, ndani ya nusu saa baada ya kula, kila baada ya saa 12 hivi. Strungi, chai ya rangi, peke yake si chakula; mahamri mawili na mbaazi ni chakula. Dozi iliyosahaulika iacheni ipite, na iliyotapikwa msiirudie. Ramadhani wengine hupanga kumeza wakati wa daku na futari, na kwa saa peke yake hesabu inakaribia kutimia. Tatizo ni kwamba dawa hii huharisha, na mwenye kuharisha akishinda bila maji kwenye joto hili, figo ndizo zitakazoumia. Mgonjwa ana ruhusa ya kula. Zungumzeni na daktari kabla mwezi haujaandama.

Vidonge vihifadhiwe chini ya nyuzi 30, jambo ambalo mwezi wa Machi hapa si rahisi. Juu ya friji pana joto, jikoni pana mvuke. Kabati la chini, chumba kisichopigwa na jua la jioni, linafaa. Anayempa mgonjwa dawa avae glavu au amimine kwenye kifuniko bila kugusa, na mwenye mimba asiishike kabisa. Msivunje wala kusaga kidonge. Nguo na mashuka yaliyoingia mkojo au matapishi yafuliwe peke yake, kwa glavu, mpaka siku 2 baada ya dozi ya mwisho.

Kuharisha ndiko kunakohitaji macho. Akienda choo mara 4 zaidi ya kawaida yake kwa siku, au kikimwamsha usiku, simamisheni vidonge na mpige simu kliniki siku hiyo hiyo. Wakati huo mpeni maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Msitumie maji ya kisima yenye chumvi, maana mtakuwa mmeongeza chumvi msiyoweza kuipima. Nunueni maji matamu kwa kazi hii hata kama mengine yote ya nyumbani ni ya kisima.

Halafu viganja na nyayo. Huanza kwa kuwasha na kufa ganzi, zikawa nyekundu, zikauma, mwisho zikachubuka. Joto na msuguano huzidisha: kukuna nazi, kufua kwa mkono, kukamua mashuka, kutembea peku kwenye mchanga wa saa saba mchana. Pakeni krimu yenye yurea asubuhi na usiku tangu siku ya kwanza. Kukiwa na arusi, hina ya kiganjani isubiri, kwa sababu inaficha wekundu mnaotakiwa kuuona. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, ndiyo mbaya zaidi: ina kemikali inayoweza kuunguza hata ngozi isiyo na tatizo. Wengine alama za vidole hufutika, simu ikakataa kufunguka, na hospitali inayotambua mwenye bima kwa kidole ikamkataa. Ombeni barua ya daktari mapema.

Homa haipimwi kwa kiganja, hasa hapa ambapo kila paji la uso ni la moto. Nunueni kipimajoto. Ikifika nyuzi 38, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku iwe mchana. Wa Likoni wawe wameshapanga gari na kivuko kabla ya shida. Msitangulize panadoli, itaficha homa. Wala msidhani ni malaria mkanunua dawa dukani: huenda chembe nyeupe za damu zimeshuka, na maambukizi yakaua kwa saa chache. Maumivu ya kifua nayo ni hivyo hivyo: acheni vidonge, nendeni.

Jambo moja hupita bila kuangaliwa. Mgonjwa akionekana amepauka, ndugu humnunulia vidonge vya kuongeza damu. Vingi vina asidi ya foliki, na asidi ya foliki huongeza sumu ya kapesitabini. Dawa ya kuyeyusha damu ya warfarini na ya kifafa ya fenitoini nazo hugongana nayo. Wekeni dawa zote za mgonjwa, na mizizi ya mganga pia, kwenye mfuko mmoja, na siku ya kliniki uende mfuko mzima pamoja na vidonge vilivyobaki. Siku ya 14 vikibaki 9, daktari aambiwe ni 9.