Mtoto Aliyeletwa Kupakwa Piko

Kwenye saluni ya shangazi yangu piko, ule unga mweusi wa kupaka nywele, ilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ilimfukuzia wateja wengi. Mteja mpya alipakwa tone dogo nyuma ya sikio, akaambiwa aende nyumbani, arudi keshokutwa. Wanaume wenye mvi waliokuwa wanawahi posa au kikao cha harusi walisonya wakaenda saluni ya jirani, ambako ungekaa kitini na dakika chache baadaye ukatoka kijana. Shangazi hakubadilika. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike, mteja wake wa miaka mingi, ambaye siku moja alipaka piko ileile aliyoizoea, akalala salama, na kesho yake jioni macho yakavimba mpaka yakafunga. Shangazi alimpeleka hospitali yeye mwenyewe. Kuanzia hapo hakumwamini tena mtu aliyesema, "Mimi huwa hainidhuru."

Saluni ilikuwa Kirumba, Mwanza, chumba kimoja chenye draya moja, beseni la kuoshea kichwa na redio isiyozimwa. Mwishoni mwa mwaka 2008 nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa kidato cha nne na sina kazi, basi nikawa namsaidia kuosha vichwa na kuchana rasta, zile nywele bandia za kusukia. Ndiyo maana nilikuwepo siku ile.

Mama yule aliingia alasiri, mvua imetoka kukatika, na mtoto kamfunika khanga kuanzia kichwani hadi magotini. Alisalimia, akakaa benchi la mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini:

"Dada, mtoto anaweza kupakwa piko?"

"Wa miaka mingapi?"

"Sita."

"Mtoto wa miaka sita naye ana mvi?"

Wateja wawili waliokuwa ndani wakacheka. Mama hakucheka wala hakujibu. Alikaa palepale akisubiri, na kila mtu alipoingia alimsogeza mtoto ukutani kidogo. Shangazi aliona. Alimalizia kichwa alichokuwa nacho, mteja wa pili akamwambia arudi kesho, kisha akaniambia nishushe pazia la mlango.

Khanga ilipofunuliwa nilielewa. Mtoto alikuwa binti mwenye ualbino, nywele zake za rangi ya majani makavu, nyusi na kope vilevile. Alikunja macho kwa mwanga wa taa, akaanza kuangalia rafu ya shanga za kusukia.

Asiyekuwa Kanda ya Ziwa miaka ile pengine alisikia tu kwenye taarifa ya habari. Sisi tuliishi nayo. Watu wenye ualbino walikuwa wanauawa na kukatwa viungo kwa sababu ya waganga waliowadanganya watu kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Mwaka ule ule mwandishi Vicky Ntetema wa BBC aliwafuatilia waganga hao kwa siri, na habari yake ilipotoka alilazimika kujificha. Rais Kikwete alikuwa amemteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Hata hivyo redio ya shangazi iliendelea kutaja Geita, Shinyanga, Sengerema, na sisi tulizoea kupunguza sauti wateja wenye watoto wadogo walipoingia.

Mama alikuwa amevuka na kivuko cha Kamanga asubuhi ile. Amelala wapi usiku wa jana hakusema. Kesho alfajiri alikuwa na tiketi mbili za basi kutoka stendi ya Nyegezi kwenda Dodoma, kwa mdogo wake. Basi lingepita Shinyanga, na hapo ndipo roho ilipokuwa haitulii.

"Kijijini wanamwona kwa nywele," alisema. "Akiwa mbali, kwenye mihogo, kichwa ndicho kinachoita macho. Kikiwa cheusi, mtu atapitisha jicho tu. Nataka wapitishe jicho, dada. Mpaka tufike."

Shangazi hakumjibu. Alimkalisha binti kitini, akachukua tochi, akaanza kumgawa nywele kwa kitana, taratibu, kama anatafuta chawa. Aliniita nione. Juu ya masikio ngozi ilikuwa imebanduka kwa jua. Kisogoni kulikuwa na vidonda viwili vilivyoanza kukauka, na kwenye paji, pale nywele zinapoanzia, ngozi nyekundu yenye magamba.

"Hapa siwezi kuweka piko," alisema. "Hata ingekuwa mtu mzima."

Alimweleza kama alivyokuwa anawaeleza wenye mvi, ila kwa upole zaidi. Miaka kadhaa baadaye, nilipokwenda chuo cha ususi, nilipata majina ya yale aliyoyajua kwa macho. Ndani ya unga ule mweusi kuna kemikali ambayo kwa kifupi huitwa PPD. Ndiyo inayoshika weusi, na ndiyo inayowachagua watu. Mwili ukishaikataa mara moja huikataa maisha yote, na hasira yake mara nyingi huja baada ya siku moja mpaka tatu, si palepale. Ulaya wameiwekea kikomo cha asilimia 2 kichwani, na makasha ya rangi za aina hiyo huko yana onyo kwamba si za mtu aliye chini ya miaka 16. Ngozi ya mtoto ni laini, na yenye kidonda haina mlango wa kuzuia kitu. Lakini siku ile shangazi hakuwa na asilimia wala PPD. Alikuwa na mwalimu aliyevimba.

"Leo nikimpaka, usiku atalala. Kesho mko kwenye basi. Akianza kuvimba ni mko Singida, mtoto analia, abiria wote wamegeuka. Si ndicho unachokikimbia?"

Mama alinyamaza kidogo. Halafu akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Nyie mnaogopa vipele. Mimi naogopa panga."

Hakuna aliyejibu. Nilimwangalia shangazi, nikaona kitana kimesimama mkononi. Nimeyafikiria maneno yale mara nyingi, na mpaka leo naona mama alikuwa amepima vizuri. Kuvimba uso kunatibika. Kama piko ingemficha mwanawe kweli, mimi ningeikoroga mwenyewe, vidonda au hakuna vidonda, na shangazi naye nadhani angeikoroga. Kilichoniingia akilini ni yale aliyoyasema shangazi baadaye, ambayo hayakuwa ya afya kabisa. Yalikuwa ya ususi.

Kwanza, alisema, piko haishiki nywele peke yake. Kwa mtu mweusi ikimwagika kwenye paji huioni. Kwa huyu, paji, masikio na shingo vingebaki na madoa meusi kwa siku kadhaa, na maji na sabuni visingeyatoa. Pili, nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi. Wiki mbili tu, kungekuwa na mstari wa njano chini ya weusi, na hapo hata asiyekuwa na nia mbaya angesimama aulize mtoto huyu kafanywa nini. Ungelazimika kurudia, na kurudia, kwenye kichwa chenye vidonda. Tatu, nyusi.

"Nyusi nazo mpake," mama alisema upesi.

"Hapana."

"Na kope."

"Mama, sikiliza. Karibu na jicho la mtoto siweki hicho kitu hata uniletee askari."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Marekani, mwaka 1933, kulikuwa na rangi ya kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali ya jamii hiyohiyo, na mwanamke mmoja aliyepakwa alipofuka. Nilipoisoma habari ile chuoni, niliyemwona ni binti yule aliyekunja macho chini ya taa yetu. Ualbino huja na uoni hafifu. Hakuwa na uoni wa ziada wa kupoteza.

Mimi, kwa kujitia ujuzi, nikasema, "Basi hina? Hina si ya kemikali." Shangazi alinitazama akaniuliza hina kwenye nywele nyeupe inatoa rangi gani. Nikakaa kimya. Ya chungwa. Tungempandisha mtoto basi akiwa anawaka.

Kwa hiyo tukafika mahali ambapo hakuna kitu. Mama alianza kumfunga binti khanga yake tena. Binti ndiye aliyekataa kushuka kitini. Alikuwa ameshika pakiti ya rasta iliyokuwa mezani, anaipapasa, akauliza kama yeye naye anaweza kusukwa. Hajawahi kusukwa, mama alieleza; kijijini wasusi walikuwa wanamwogopa, au walikuwa wanadai nywele zake ni laini mno, zinateleza.

Shangazi alicheka, mara ya kwanza jioni ile. "Zinateleza kwa asiyejua kushika."

Akachukua rasta nyeusi, namba moja, ile nyeusi kabisa. Alianza kwenye utosi, mbali na vidonda, akasuka vitatu vitatu vinene, vilivyolegea, bila kuvuta. Kila kishungi alikiachia rasta ndefu ili kilale juu ya sehemu ambazo hakuzigusa, yaani masikio, kisogo na lile paji. Mimi nilikuwa nachambua rasta na kumpa. Kazi ambayo kwa kawaida ingekuwa ya haraka ilichukua muda mrefu, kwa sababu nywele kweli ziliteleza na kila mzizi ulihitaji kuanzwa upya. Redio ilikuwa inapiga dansi la zamani. Mama alikaa akitazama mikono ya shangazi, na weusi ulivyoongezeka ndivyo mabega yake yalivyoshuka.

Mwisho binti akataka shanga nyekundu.

"Tunajificha, wewe unataka shanga?" mama alisema.

Ikawa ugomvi. Binti alilia kwa sauti ambayo nina hakika ilifika stendi ya daladala, na shangazi, ambaye dakika zote zile alikuwa anahubiri utulivu, akachomeka shanga mbili kwenye vishungi viwili vya mbele kabla mama hajamzuia. Zikawa zinagongana kila alipogeuza kichwa. Aligeuza kichwa sana.

Shangazi alimpa mama maagizo mengi: kofia pana juu ya rasta, nguo ya mikono mirefu, wakae upande wenye pazia, na wakifika tu ampeleke hospitali wakaangalie vile vidonda, kwa sababu kwa ngozi ile kidonda kisichopona hakiachwi. Ile ni ngozi inayopata saratani mapema kwa jua, na hilo alilijua kutokana na mtu wa ukoo wetu. Pesa alichukua ya rasta tu. Nilimsindikiza mama na mwanawe mpaka kwa jamaa waliofikia, tukapita njia ya nyuma, kwenye mawe, kagiza kameshaingia.

Wapo wanaoniuliza siku hizi, kwa sababu nina saluni yangu. Mzazi anataka mtoto apakwe rangi kwa ajili ya siku ya kuzaliwa, au binti wa miaka kumi ameona nywele za bluu kwenye simu. Nawaambia piko na rangi za kukoroga siwawekei watoto. Nawasukia rasta ya rangi wanayotaka, bluu, waridi, yoyote, wakichoka tunafumua. Wengine wanaona nakwepa kazi. Sina muda wa kuwasimulia habari ya Kirumba.

Siku mbili baada ya safari simu ya shangazi ililia. Ilikuwa namba ngeni, sauti inakatika katika. Walikuwa wamefika Dodoma. Lakini kulikuwa na tatizo, mama alisema, mtoto anajikuna kichwa chote, hajalala, je, si ndiyo yaleyale ya piko uliyoniambia?

"Rasta mpya zinawasha," shangazi alimjibu. "Nilisahau kukwambia. Weka siki kidogo kwenye maji, mmwagie, usimsugue. Na hizo shanga mbili usimtoe, atakusumbua."

Mama akauliza siki inapatikana wapi Dodoma, shangazi akamwambia dukani, kama kila mahali, na salio likakata.