Karatasi ni mimi

Nimelala mchana kutwa na bado neno lile linanizunguka kichwani. Mnaonisoma mnaijua kazi yangu ya kaunta ya kituo cha polisi, na mkuu wetu mpya mnamjua pia, niliwahi kumwandika hapa: yule anayepita lokapu kila asubuhi akiuliza mahabusu mmoja mmoja ameamkaje. Nilimsifu, na sifa zile siziondoi. Ndiyo maana imeniuma.

Zamu ya usiku, saa nane kasoro. Gari likasimama nje, akaingia mwenyewe, fulana na ndala, bila dereva. Hakuketi. "Wale vijana watano, watoe." Nikasimama, nikatoa heshima, nikasema, "Ndiyo, afande. Naomba karatasi ya kuwatolea." Akanikazia macho. "Hawa ni watoto wa watu, Koplo. Wewe unataka karatasi?" Nikanyamaza. Akagonga kaunta kwa kidole, mara moja tu. "Karatasi ni mimi."

Lokapu yetu inatazamana na kaunta, kilichopo kati ni mlango wa nondo. Wote walikuwa wameshaamka. Walisikia kila neno, na mmoja akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepata mtetezi. Sasa kila nikifumba macho nasikia, wewe unataka karatasi? Kana kwamba niliyewafungia ni mimi. Wiki hii dada amejifungua salama na majina ya kozi ya usajini yametoka, langu limo, lakini kichwani hakuna kingine zaidi ya kidole kile juu ya kaunta.

Maana vijana wale nilikuwa nikiwalilia tangu walipoletwa. Walikamatwa kwenye msako, kosa lililoandikwa ni kuzurura. Mpelelezi akasafiri, faili likabaki kwenye kabati lake amelifunga, na muda wa kuwafikisha mahakamani ukapita. Kila nikikabidhi zamu naandika kwa kalamu nyekundu: muda umepita. Anayepokea anasoma, anatia saini, anakaa. Kwa hiyo mkuu alikosea mtu. Kwenye jengo lile, aliyekuwa akisema kwa maandishi kwamba vijana hawa watoke ni mimi.

Mtaniuliza, kama uliwaonea huruma hivyo, si ungefungua tu? Baba watoto kaniuliza hivyohivyo. Anasema jambo la kheri haliulizwi kibali. Nami sikatai kwamba mkubwa ana mamlaka ya kuwatoa, na sikatai kwamba usiku ule aliyeyafanya mambo sawa ni yeye. Utaratibu ulikuwa umewasahau, yeye akawakumbuka akiwa kitandani, akaamka. Wangapi wa cheo chake wangeamka?

Lakini fikirini kitabu cha mahabusu kinavyofanya kazi. Mahabusu akiingia inaandikwa saa, aliyemleta, na vitu vyake vyote mpaka kamba za viatu. Akitoka bila kuandikwa, kitabu kinaendelea kusema yumo. Akikamatwa tena kesho kwa jambo lilelile, hana cha kuonyesha kwamba alishaachiwa. Akikutwa amekufa mtaroni, kwenye kitabu bado yumo, na hakuna atakayejua alitoka saa ngapi wala mikononi mwa nani. Na lililo baya kuliko yote: mkuu huyu atahamishwa, kama wote wanavyohamishwa. Usiku mmoja atakuja mwingine mwenye cheo hichohicho na moyo tofauti, aseme watoe, karatasi ni mimi, awapakie garini. Askari wa zamu atafungua, maana amezoea kwamba mdomo wa mkubwa unatosha.

Chuoni tulisomeshwa Kanuni za Mandela, zile za Umoja wa Mataifa za namna ya kuwatendea wafungwa, zilizoanzia mwaka 1955, zikaandikwa upya 2015 na kupewa jina la mtu aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 7 inataka iandikwe siku na saa ya kuingia, na vilevile siku na saa ya kutoka. Wenzangu wengi wanaijali ile nusu ya kwanza. Halafu kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 2006, wa kuwalinda watu wasipotezwe kwa nguvu. Ibara ya 21 ndiyo niliyoinakili kwenye daftari langu: mtu aachiwe kwa namna ambayo inaweza kuthibitishwa kwamba kweli ameachiwa. Mkufunzi wetu alitueleza sababu kwa kutupeleka Argentina ya miaka ya 1976 hadi 1983, ya utawala wa kijeshi. Kule waliofungwa kwa siri waliambiwa wanahamishwa, na wengi wakatupwa baharini kutoka kwenye ndege wakiwa hai. Mama zao walianza kuzunguka Plaza de Mayo, uwanja wa katikati ya jiji la Buenos Aires, mwaka 1977, vitambaa vyeupe kichwani, wakiulizia walipo, na ofisi baada ya ofisi ikawajibu haina habari zao.

Nao walikuwa watoto wa watu, afande. Hilo ndilo jibu nililolikosa usiku ule, limekuja leo nikiwa nafua.

Basi nilifungua. Amri ni amri, tena hii nilikuwa nikiiombea. Mkuu akatoka kwenda kusubiri garini, nami nikakifungua kitabu juu ya kaunta na kuwaita mmoja mmoja. Bahasha ya kila mtu nikaimwaga mbele yake: simu, mkanda, kamba za viatu zimeviringwa. Hesabu vitu vyako, mwanangu, kimetimia? Weka dole gumba hapa. Pedi ya wino ilikuwa imekauka, nikaitonesha maji ya chupa yangu. Wa nne akanyoosha mkono wa kushoto. Nikamwambia wa kulia, baba. Akaunyanyua nikauona, dole gumba limevimba, kucha imekuwa nyeusi. Nikamuuliza limefanyaje, akasema alibanwa na mlango wa gari siku ya msako. Alipopokelewa hakuna aliyeliandika. Nikaliandika mimi, kwa maneno yake mwenyewe, nikachukua alama ya kushoto na kueleza pembeni kwa nini ni ya kushoto. Alikuwa akinitazama ninavyoandika. Kisha akasema taratibu, "Asante, mama," na yule aliyecheka mwanzoni akaacha kupiga miluzi.

Mkuu akatokea mlangoni. "Bado?"

"Bado mmoja, afande."

Nilidhani atafoka. Akaegemea mlango, akasubiri. Alipomaliza wa tano, nikakigeuzia kitabu upande wake, nikaweka kalamu juu ya safu ya aliyeamuru. Akaisoma mistari yote, na pale pa kidole kilichovimba akakaa sana. Akatia saini mstari wa kwanza na kuiweka kalamu chini. Nikasema, "Yote mitano, afande." Akaichukua tena. Akasaini yote mitano, akaandika na saa kwa mkono wake, saa nane na dakika ishirini na tano. Hakusema kitu. Hakuniaga. Niliusubiri mlango ufungwe ndipo nikakaa, miguu ikinitetemeka.

Kwa hiyo hakuliondoa neno lake, na sijui kama analikumbuka. Mpaka alfajiri nilikuwa bado nimelinuna.

Saa kumi na mbili na nusu, nikiwa najiandaa kukabidhi, akaingia mama mmoja na khanga mbili, ameshapita vituo vingine viwili. Ameambiwa na jirani kwamba usiku gari lilikuja kuchukua vijana. Mtoto wake hajafika nyumbani, simu haipatikani. Alivyolitamka neno gari nilisisimka. Nikamkalisha, nikakifungua kitabu, nikampitisha kidole mpaka kwenye jina. Huyu hapa, mama. Katoka saa nane na dakika ishirini na tano. Simu yake kachukua, haina chaji, imeandikwa. Aliyeamuru ni huyu, saini yake hii. Na hili ni dole lake, la kushoto, kwa sababu la kulia linauma. Akaniomba nimsomee tena. Nikamsomea tena, polepole. "Kwa hiyo ametoka kwa miguu yake?" Ndiyo, mama, wote watano kwa miguu yao, nimewaona wakivuka barabara. Kumbe kijana alikwenda kulala kwa shangazi yake, karibu na kituo, akaogopa kutembea usiku asije akakamatwa tena. Tulimpata kwa simu ya shangazi, na mama akaongea naye akiwa amesimama palepale kwenye kaunta yangu, akimgombeza na kulia kwa pamoja.

Nilitoka kazini nikiwa mwepesi. Baba watoto nikampa habari ya Paulo na Sila kwenye Biblia, walipofungwa gerezani kule Filipi: wakubwa walipotuma neno kwamba watolewe, Paulo akakataa kutolewa kwa siri, akataka waje wenyewe. Wakaja. Baba watoto akasema sawa, hapo umenishika.

Nikirudi zamuni nitamwomba mkuu atengeneze fomu fupi ya amri ya usiku, ikae kwenye droo ya kaunta, mkubwa akija ajaze. Nadhani atakubali. Mtu aliyesaini mistari mitano kwa ndala atakubali.

Lililobaki sasa ni mdogo wetu. Mwalimu kaniandikia tena kwamba anaacha kiti chake na kwenda kusimama karibu na ubao ndipo asome, na jana nimemwona mwenyewe ameshika kitabu karibu ya pua. Kozi inaanza mwezi ujao, na daktari wa macho anapokea siku zilezile ninazoingia asubuhi. Sijui nani atampeleka.