Shule ya kanisa, wiki ya 31: vitanda vya chaki

Madarasa manne ya shule yetu hapa Ruai, Nairobi, yameezekwa. Mawe ni ya machimbo ya Ndarugo, mabati ni geji 28, na madarasa mawili bado hayajapigwa sakafu. Hayo yanaendelea vyema. Kilichonishika wiki hii ni bweni.

Tangu harambee ya kwanza tumewaambia waumini kwamba shule itakuwa ya kutwa na bweni, wasichana 60 walale. Idadi hiyo ilitokana na makadirio ya kikaoni, nami katibu wa kamati ya ujenzi nikaiandika kwenye bajeti bila kupima chochote. Kosa hilo ni langu.

Jumamosi nilikwenda na fundi, tepu mkononi, pamoja na mwongozo wa serikali wa usalama shuleni wa mwaka 2008. Ukumbi wa bweni una mita 20 kwa 8. Mwongozo unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, ujia wa mita 2, mlango kila mwisho unaofunguka kwa nje, na mlango wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na nondo. Tukachora vitanda kwa chaki, kila kimoja sentimita 90 kwa upana. Kila ukuta ulichukua 10, kisha mlango wa dharura ukala kimoja. Vikabaki 19 vya dabodeka, yaani kimoja juu ya kingine: wasichana 38.

Jumapili baada ya ibada nikawaeleza wenzangu.

"Katibu, hao 22 unawapeleka wapi?" mzee mmoja wa kanisa akaniuliza.

"Watasoma kutwa, Mzee, mpaka tupate bweni la pili."

Hilo alilikubali kwa shida. La nondo alilikataa kabisa, maana wezi wa huku tunawajua. Ndipo mama mmoja wa kamati, ambaye huwa hasemi sana, akautaja moto wa bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli kule Machakos, Machi 2001: wavulana 67 waliteketea, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yana nondo. Akataja na moto wa shule ya Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, watoto 21. Akaketi. Hakuna aliyejibu. Tulipopiga kura, mzee mwenyewe aliinua mkono kwanza.

Jumatatu fundi alileta grenda akazikata nondo zote. Chuma hicho kitatengeneza geti, na pesa tulizotengea rangi zitaongeza urefu wa ukuta wa nje na kumlipa mlinzi wa usiku. Wezi wazuiwe kwenye ua, si kwenye dirisha la mtoto aliyelala.

Kuhusu bweni la pili, nina wazo. Mzee hupenda kututajia shule ya upili ya Alliance, iliyoko mji wa Kikuyu na kufunguliwa 1926, kama mfano wa shule ya kanisa. Mimi hulitazama jina lenyewe, yaani muungano: misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliungana kuianzisha. Kanisa jirani lina waumini wengi na halina shule. Nimeandika barua ya kuwaomba tujenge pamoja, na mchungaji ameitia sahihi.

Alhamisi anakuja afisa wa afya ya umma kukagua. Ripoti yake itaambatanishwa na hati ya ardhi kwenye maombi yetu ya usajili kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Nimemwomba fundi asifagie bweni, ili afisa aikute michoro ya chaki.