Ngoja nimuulize mwanangu

Neno la Mama halijanitoka. Daktari amemaliza kutueleza, karatasi aliyochorea mshipa wa ubongoni uliotuna kifuko iko mezani, akamuuliza, "Mama, waonaje?" Mama akajibu, "Ngoja nimuulize mwanangu." Daktari akanitazama. "Si huyu hapa?"

"Wa Doha," akasema Mama, akajitanda mtandio vizuri.

Wa Doha! Na mimi ndiye nivukaye naye feri kila miadi, picha za CT kwapani. Jumamosi tumemuoza binti wa khalati, kazini nimebadilishiwa zamu, lakini kichwani ni hilo tu: si huyu hapa? Wa Doha.

Kaka alipiga usiku uleule. Waya, yaani koili, wasimfungue kichwa. Akatuma na ule utafiti wa ISAT wa 2002, uliolinganisha koili na kufungua fuvu. Nimeusoma. Kweli, baada ya mwaka mmoja waliowekewa koili walikuwa na hali nafuu kuliko waliofunguliwa fuvu, lakini hao mishipa yao ilishapasuka. Wa Mama haujapasuka, umetuna tu, na kile kifuko kina shingo pana. Koili za platinamu, alizobuni daktari Guglielmi na kuanza kuzitumia kwa wagonjwa Los Angeles mwaka 1990, hupitishwa kwa mrija kutoka kinenani hadi ubongoni, zikajaza kifuko ili damu igande humo. Shingo ikiwa pana huweza kuchomoza mshipani. Hapo huhitajika stenti, kijibomba cha wavu, ya kuzizuia, na stenti yataka dawa za kuzuia damu isigande, miezi na miezi. Mama na vidonda vyake vya tumbo! Klipu ndiyo ya kufungua fuvu: huibana shingo kwa nje, damu haiingii tena. Daktari wa upasuaji Dandy alifanya hivyo Baltimore mwaka 1937 kwa klipu ya fedha. Siku hizi nyingi ni za titani. Yote haya ningemwambia, lau angeniuliza.

Jana usiku nampaka mafuta ya nazi nywele, akanishika mkono. "Watanyoa zote?"

"Ukanda tu, Mama. Upande mmoja."

"Nionyeshe."

Nikapitisha kidole, kutoka mbele ya sikio, juu, nikikunja kuelekea kipajini, ndani ya nywele. Akakifuata kidole changu kwa chake. Akarudia mwenyewe, peke yake. "Hili sikumuuliza kakako," akasema.

Nimeamka mwepesi leo, hata chai nimeiona tamu.

Ila pampu ya kisima yanguruma vibaya tangu asubuhi, tanki liko nusu, na fundi hapokei simu.