Rocky Marciano na Rekodi ya 49
Wapo wanaoishusha hadhi ya Rocky Marciano, bondia wa Marekani aliyestaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yote 49, 43 kati yake kwa nokauti, wakidai kwamba aliwapiga wazee. Ni kweli kwamba Joe Louis, bingwa wa zamani wa dunia wa uzito wa juu, alikuwa na miaka 37 walipokutana mwaka 1951, na ushindi ule mimi siuhesabu sana. Lakini Jersey Joe Walcott, ambaye mwaka 1952 alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa na miaka 38, alimwangusha Marciano katika raundi ya kwanza na kumwongoza kwa pointi katika kadi zote za majaji, hadi konde moja la kulia la Marciano lilipomlaza Walcott katika raundi ya 13. Anayeshinda pambano la namna hiyo anastahili sifa yake, ingawa simweki juu ya Muhammad Ali.