Mashine ya shangazi na risiti isiyo na jina lake

Siku ya kuanua matanga ya mume wa shangazi yangu, hapa Kirumba, Mwanza, shemeji zake walikaa kikao cha ukoo kwa muda usiofika saa moja, na kilipokwisha mmoja wao aliteremka ziwani, akafungua mashine ya mtumbwi na kuibeba begani ikiwa bado inachuruzika maji. Mashine hiyo ilinunuliwa kwa fedha za dagaa wa shangazi, ambaye kwa miaka mingi aliamka alfajiri kupokea mitumbwi inayorudi kuvua kwa taa usiku wa giza, akanunua kwa ndoo na kuanika kwenye chanja. Risiti, hata hivyo, ilikuwa na jina la marehemu. Hakuna aliyepiga kelele, na ukimya huo uliniuma kuliko mashine yenyewe, kwa sababu kila aliyekuwapo, wanawake tukiwamo, aliona kuwa huo ndio utaratibu.

Utaratibu huo una maandishi. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, kwa Tangazo namba 436, zinasema kwamba mjane hana fungu katika mirathi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Binti naye amewekwa daraja la tatu, nyuma ya kaka zake wote.

Waliozigusa kanuni hizo mahakamani si wengi, na kesi ninayoipenda zaidi ilimalizikia hapa hapa Mwanza. Mwaka 1988 Holaria Pastory, mwanamke mzee wa Muleba aliyekuwa ameachiwa shamba na baba yake kwa wosia na hakuwa na mtu wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake ndugu mmoja wa ukoo akafungua shauri, akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo lakini hawezi kuliuza. Mahakama ya mwanzo ilimpa ushindi ndugu huyo, ya wilaya ikaupindua, na mwezi Februari 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Alitegemea Hati ya Haki za Binadamu iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984, pamoja na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Ninapoambiwa kwamba usawa ni mambo ya wazungu wa New York, humkumbuka bibi huyo, ambaye shida yake ilikuwa ni nani atamlisha uzeeni.

Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilibatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi. Kanuni za 1963 zenyewe hazikufutwa. Wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, walizipinga hadi kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia Mkataba ule wa 1979, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba haki zao zilivunjwa, baada ya Mahakama Kuu yetu kukiri mwaka 2006 kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi na bado ikakataa kuzitengua. Nakiri kwamba sijawahi kuuelewa uamuzi huo wa Mahakama Kuu. Isitoshe, ulinzi wa sheria ya 1999 ni wa ardhi, ilhali kwetu mwaloni, huku mitumbwi inakotia nanga, utajiri ni mtumbwi, nyavu na mashine, vitu ambavyo mtu hubeba begani akaondoka navyo.

Shangazi alianza upya kwa fedha za kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, akizikwepa zile za kausha damu, mikopo ya riba kubwa. Mwaka jana nilimsindikiza kununua mashine nyingine. Muuzaji alimuuliza binamu yangu jina lake na kuanza kuandika risiti.

“Mwanangu, huyu amekuja kubeba tu,” shangazi akamwambia. “Andika langu.”

Kijana akaichana ile ya kwanza, akaandika nyingine. Shangazi aliisoma mara mbili kabla ya kutoa fedha.